Theluji ya Adelaide

Desemba ile, mwaka 1867, jua la Adelaide, Australia, lilichoma hata mbwa wakajilaza chini ya magari ya farasi, ndimi nje. Honoria Tregenza aliingia kwenye kiwanda cha chapa cha shemeji yake Ambrose, akachukua toleo la Krismasi la *Mkaratusi*, jarida aliloanzisha mwenyewe, akaifungua hadithi yake. Damu ikamchemka.

Alikuwa ameandika habari za mjane ambaye kisima chake kilikauka siku ya Krismasi. Sasa mjane yuleyule alikuwa akitetemeka kwa baridi, theluji imefika dirishani.

"Shemeji, hii nini?"

"Theluji," Ambrose alijibu bila haya.

"Naiona! Nani kaiweka?"

"Mimi. Usinitolee macho. Watu wanataka Krismasi, wewe unawapa vumbi. Vumbi si wanalo bure mlangoni?"

"Umezaliwa hapahapa wewe! Theluji umeiona wapi?"

"Sijaiona. Lakini naijua."

Eti anaijua! Miezi minane Honoria alipigania jambo moja tu: watu wa koloni wasome habari zao wenyewe, si makombo ya London yaletwayo na meli. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Angezichoma nakala zote, ila zilikwisha kupelekwa madukani.

Kufika Jumamosi haikubaki hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mabibi waliokuwa wakimkwepa kanisani sasa walimng'ang'ania mkono. Mmoja wao alikuwa Keziah Nankivell, mjane mwenye kisima chenyewe, aliyeletwa koloni kutoka Uingereza akiwa mtoto wa kubebwa. Jasho lilimtiririka shingoni, na machozi yalimlengalenga.

"Dada Honoria, umenikumbusha nyumbani!"

"Nyumbani wapi, Keziah? Ile hadithi ilikuwa yako. Kisima chako, na ndoo ulizobeba peke yako kutoka mtoni. Shemeji yangu ameifuta."

Keziah akacheka, akidhani anataniwa.

"Mimi? Acha mzaha, dada. Watu kama sisi tuna nini cha kuandikwa?"

Honoria alipandwa na hasira. Safari hii haikuwa juu ya Ambrose peke yake. Ilikuwa juu ya wote waliomfundisha mwanamke huyu kuona maisha yake hayafai hata karatasi.

Jumatatu Ambrose alimpokea kwa bashasha, mikono imejaa wino.

"Shemeji, Januari tuwape nini? Nimefikiria mbwamwitu wa Ulaya."

"Hakuna Januari," Honoria alisema, akaanza kuzing'oa herufi za risasi za jina la jarida kwenye fremu ya kuchapia, moja moja, kwa mkono wake.