Majivu Chini ya Uzio

Hapa Nkuhungu mimi na Swalihu tuna uzio mmoja. Nguzo za miti, katikati miiba mikavu. Upande wake kuna mizabibu safu nne na banda la kuku la mkewe, Stara. Upande wangu kuna mafiga yangu matatu na kamba ya kuanikia nguo. Mchwa wa huku hawana adabu. Nguzo ukiisimika mwaka huu, mwaka kesho unaisukuma kwa kidole. Ndiyo maana kila nilipozoa majivu niliyamwaga chini ya zile nguzo, kama mama yangu alivyofanya kule Kolo. Mchwa hapendi majivu.

Mwezi wa saba tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu, Octavian, alisoma masharti akiwa amesimama juu ya benchi, maana watu walikuwa wengi na sauti yake ndogo. Taka za nyumbani hazichomwi, zinasubiri gari. Mabaki ya shamba yanachomwa kwa kibali, kabla ya saa mbili asubuhi, upepo haujaamka. Hatua kumi kutoka kwenye uzio, ndoo mbili za maji pembeni, na jirani aambiwe. Aliyewasha haondoki mpaka moto ufe. Nilipiga makofi na wenzangu. Niliona hayanihusu. Mimi sichomi kitu, napika tu.

Swalihu yalimhusu. Mizabibu yake ilipata ukungu mweupe, na matawi yenye ukungu ukishayakata huyaachi chini. Unayachoma, la sivyo ugonjwa unarudi kwenye machipukizi na mavuno yamekwenda. Aliomba kibali, akapewa. Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, kumekucha tu, nikamsikia ng'ambo ya uzio.

"Shikamoo Bibi Paskazia. Nawasha leo safu mbili za kwanza."

"Marahaba baba. Washa."

Wakati huo mjukuu wangu Evodia, anayefanya kazi ofisini kule Mtumba, alikuwa anakung'uta blauzi yake mlangoni.

"Bibi, majivu yako yamenikalia tena. Kazini wataniuliza kama natokea kwenye tanuri la matofali."

"Nitayatoa sasa hivi, usinune."

Mama yangu majivu aliyaacha jalalani siku mbili, tatu, ndipo akayapeleka kwenye nguzo. Nalijua hilo. Lakini mtoto amenuna, na mimi sipendi mtu aende kazini amenuna. Nikayazoa palepale kwenye karai, chai ikiwa bado haijapoa, nikayamwaga nguzo hadi nguzo. Yalikuwa meupe, yametulia kama unga.

Swalihu alimaliza saa moja na nusu. Nilimwona kwa macho yangu akimwaga maji, akageuza kwa jembe, akamwaga tena. Ndipo akaenda dukani kwake mjini.

Saa nne upepo ukaamka. Nilikuwa ndani nachambua kunde nikasikia Stara anapiga kelele, "Moto! Uzio jamani! Kuku wangu!" Nilipotoka, miiba ilikuwa inalia kama mafuta kikaangoni. Majirani walikuja na ndoo, na masufuria, mmoja na birika. Tulimwaga maji na mchanga mpaka ukazimika. Uzio uliungua hatua sita hivi, na kona ya banda. Stara alikuwa amemtoa kuku wake aliyekuwa anaatamia, kambeba kwapani, mayai kayaweka kwenye kanga.

Octavian alifika akiwa anahema. Akatazama uzio, akatazama rundo jeusi la matawi upande wa Swalihu. Swalihu naye akafika kwa bodaboda.

"Kibali nilikupa mimi," Octavian alimwambia. "Leo nakiondoa. Huchomi tena msimu huu."

"Mwenyekiti, bado safu mbili. Nisipochoma napoteza zote nne."

"Ungemaliza moto wako kwanza."

Swalihu akageuka kulitazama rundo lake. Nadhani alianza kujishuku mwenyewe. Labda cheche iliruka. Mtu akiambiwa mbele ya watu, hata alilolifanya vizuri analiona limepinda.

Walipoondoka nilibaki nautazama uzio. Rundo lake lilikuwa mbali, na lilikuwa bado limetota maji. Nguzo zilizoungua ziliungua kuanzia chini, na upande wa kwangu. Nikachuchumaa kwenye nguzo moja iliyosalimika, nikapitisha mkono juu ya majivu. Baridi. Nikachimba kidogo kwa kidole. Nikakitoa haraka.

Na mimi ndiye ninayefukia kaa kwenye majivu kila jioni, ili asubuhi nisitafute kiberiti! Miaka yote hiyo nimeyategemea majivu yanitunzie moto, halafu nakwenda kuyamwaga kwenye miiba mikavu.

Evodia aliporudi nikamweleza. Akaufunga mlango kwanza.

"Bibi, umemwambia mtu?"

"Bado."

"Basi nyamaza. Watakukataza mafiga, uanze kulalamika kwamba maharage ya gesi hayana ladha."

"Hayana."

"Si ndiyo hapo! Wameshasema ni Swalihu. Uzio tutamsaidia kujenga."

Nilikaa. Mafiga yale nimepikia wanangu, wajukuu, hata wageni wa misiba. Sikutaka kuyapoteza, sitadanganya. Lakini asubuhi niliamka nikamwona Swalihu amesimama katikati ya safu zile mbili, kashika mkasi wa kukatia, hakati. Anashika jani, analigeuza, analiachia. Nikajifunga kanga, nikaenda kwa Octavian.

"Moto wa jana ni wangu," nilimwambia.

"Bibi, kwani ulichoma nini?"

"Sikuchoma. Nilimwaga majivu."

Akacheka. "Majivu si moto, bibi yangu. Nenda kapumzike."

"Njoo basi uyashike."

Akaja, kwa kuniheshimu tu. Swalihu na Stara walikuwa wanaondoa miiba iliyoungua. Majivu ya chakula cha jioni nilikuwa nimeyaacha mafigani, sijayagusa. Octavian akakunja mkono wa shati, akaingiza vidole.

"Mamaaa!" Akaruka, akavitia mdomoni.

Stara alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa kibali cha hayo anatoa nani, mwenyekiti?" Kisha akanigeukia. "Na wewe bibi, kama ulitaka kuku wa kuchoma ungeniambia, ningekuchinjia."

"Nisamehe mwanangu. Na wewe Swalihu. Umelaumiwa kwa kosa langu."

Swalihu akaweka chini miiba aliyoishika. "Bibi," akasema, "mimi jana sikulala. Nilikuwa nahesabu ndoo nilizomwaga."

Octavian akamrudishia kibali palepale, vidole vikiwa ndani ya kikombe cha maji. Mafiga hakunikataza. Aliniambia nijenge kiukuta cha matofali upande wa upepo, na majivu yamwagiwe maji kwenye debe la bati, yakae siku mbili kabla ya kwenda popote. Uzio nilisema nitaujenga mimi na Evodia. Evodia alishika miiba Jumamosi nzima, akanuna, safari hii nikamwacha anune.

Wiki iliyofuata Swalihu alichoma safu mbili zilizobaki. Saa moja na nusu akamwaga maji, akageuza, akamwaga tena. Kisha akaniita.

"Bibi, njoo uweke mkono."

Nikapita kwenye pengo la uzio tulilokuwa bado hatujaliziba, nikachuchumaa, nikachimba mpaka chini kabisa.

"Bado," nikamwambia.

"Bibi, nina duka la kufungua!"

"Bado, baba. Lete ndoo nyingine."

Akaenda kuleta.