Kilo Moja ya Gunia

Saa nne asubuhi Rodah alitundika gunia la Mzee Johana kwenye ndoano ya mizani, akangoja namba zitulie, akasoma kumi na tisa, akaandika kumi na nane. Kilo moja hukatwa kwa ajili ya gunia na maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kituo hicho cha kununulia majani chai, karibu na Silibwet, tangu kabla yeye hajawa karani, na mkono wake uliikata kilo hiyo bila kumuuliza.

Mkono huohuo ndio uliojaza fomu ya duka la mtandaoni. Kwa miaka sita Rodah alikuwa akiandika riwaya yake ya kwanza, habari za mama mmoja mchuma chai, na duka kubwa lilikuwa limekubali kupokea nakala arobaini katika ghala lake la Nairobi. Fomu iliuliza uzito. Rodah alikipima kitabu kwenye mizani ya kituo, akapata gramu mia tatu, akakata kilo, akaandika hasi mia saba. Beverly, mwenye saiba ya intaneti, alibonyeza kitufe cha kutuma, na mashine ikakubali.

Wiki mbili baadaye ukurasa wake ulisema bidhaa haipatikani. Barua pepe kutoka ghalani ilieleza kwamba vitabu vilipokelewa vikiwa salama, ila vilipoandikishwa kwa uzito huo wa hasi havikukaa rafuni tena. Vilikuwa vimepanda na kushikamana na mabati ya paa. Rodah aliomba uzito urekebishwe. Alijibiwa kwamba uzito hubadilishwa baada ya bidhaa kupimwa upya, na bidhaa iliyoshikamana na paa haipimiki. Mwishoni aliombwa aseme kama ameridhika na huduma.

Hata kabla ya hapo kitabu kilikuwa hakionekani. Ukilitafuta jina lake, duka lilikuletea chupa za chai, kisha vikapu, kisha vitabu vya watu wanaojulikana tayari. Chake kilikuwa mbali huko chini, kwa sababu hakikuwa na maoni ya wasomaji, na hakikuwa na maoni kwa sababu hakuna aliyekiona akakinunua. Ukurasa usiouza kitu kwa siku tisini ungefungwa. Rodah hakumlaumu mtu. Alitia alama siku kwenye kalenda, na akaanza kujizoeza kusema kwamba kitabu kile kilikuwa mazoezi tu.

Siku ya themanini mtu ghalani alifungua dirisha. Vitabu vilifika kituoni kesho yake mchana kutoka upande wa Nairobi, vikielea chini chini juu ya michai, bila haraka. Lori la kubeba majani lilikuwa limechelewa kama kawaida, na wakulima walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Mzee Johana alikivuta kimoja kwa mpini wa fimbo yake, akakifunga mkononi kwa kamba ya ndama, akavaa miwani. Wengine nao wakajitafutia vyao. Walivisoma wakiwa wamevikandamiza magotini, na waliovikosa walisomewa.

Lori lilikuja saa kumi na moja. Dereva aliambiwa angoje sura iishe.

Siku ya tatu baada ya hapo Dorcus, mama wa kutoka upande wa ziwa aliyekodi shamba la chai hapo karibu, aliuliza kwa nini vitabu vinapaa. Rodah alimweleza ukweli.

"Ni ile kilo. Nilikata kwa mazoea."

Mzee Johana aliinua macho kutoka kitabuni. "Ile kilo ya gunia letu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na gunia lenyewe lina uzito gani, madam?"

"Gramu mia mbili."

Mzee alifikiria kidogo, akasema basi hizo nyingine mia nane ni maji ya bei ghali, watu wakacheka. Rodah aliwaandikia wakubwa wa kiwanda barua, akieleza yote kwa mpangilio, pamoja na kisa cha vitabu. Walimjibu kwamba kanuni haijabadilika.

Siku ya tisini ukurasa ulifungwa. Rodah aliusoma ujumbe huo kwenye simu kituoni, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni. Kisha akaita anayefuata. Alikuwa Dorcus, kitabu kikielea begani pake kwa uzi. Mizani ilisema ishirini na nne. Rodah akaandika ishirini na tatu.

"Nimekimaliza," Dorcus alisema. "Lakini madam, pale msimamizi anamtukana huyo mama, anyamaze kweli? Hapo umekosea. Mimi ningemjibu."

Kwa miaka sita Rodah alikuwa amengoja mtu wa kubishana naye juu ya ukurasa mmoja tu. Alimwomba asogee pembeni kidogo, amweleze angemjibu nini. Dorcus aliipokea risiti yake, akaikunja bila kuitazama, akaanza kueleza.