Kambo Bénédicte kwenye Njia ya Nne

Paulin Nkandu alifanya kazi ya umeme kwenye reli kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu wenzake wote walidhani atafuga kuku. Hakufuga kuku. Alichukua chumba cha nyuma cha nyumba yake kule Bel-Air, akaning'iniza mablanketi ukutani, akaanza kutengeneza muziki wa umeme.

Mashine yake kuu ilikuwa ya tepu, ya zamani, nzito kama mfuko wa saruji. Aliikuta imekufa katika stoo ya parokia, na padri akamwambia aiondoe upesi kabla hajabadili mawazo. Kuifufua kulimchukua miezi kumi na moja. Uzuri wake ni kwamba tepu yake ina njia nne. Unarekodi ngoma kwenye njia ya kwanza, unarudisha tepu nyuma, unasikiliza zile ngoma huku ukirekodi besi kwenye njia ya pili, unaendelea hivyo mpaka mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Na ubaya wake ni kwamba njia ni nne tu. Ya tano utaiimba mwenyewe bafuni.

Mkewe Lydie alikuwa na maoni yake kuhusu muziki huo.

"Paulin, hii muziki yako haina hata muntu mu ndani," alimwambia. "Iko sawa friji yenye kuwaza."

Kwa hiyo Paulin alifurahi kupita kiasi siku Dorcelle, binti wa jirani, alipobisha mlango akiwa na ombi. Dorcelle alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata na Lucien, kijana mpole anayefanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere.

"Tonton, banabibi-harusi bote ba hapa banaingia na wimbo moja tu," alisema. "Miye nataka yangu. Unitengenezee na mashine zako, na Kambo Bénédicte aimbe juu."

Kambo ndivyo huko wanavyomwita bibi; Bénédicte alikuwa nyanya yake Dorcelle, mama wa mama yake, mwenye umri wa miaka themanini na miwili. Alikuwa amefika kutoka Butembo kwa ajili ya harusi, akiwa amebeba kilo kumi za maharagwe, ingawa mkwewe Kataliko, baba wa Dorcelle, anauza maharagwe kwa malori. Alijua wimbo ambao wanawake wa kwao walikuwa wakimwimbia bibi-harusi akitoka kwa wazazi wake. Paulin alikubali palepale. Wiki nzima alijaza njia tatu za kwanza: ngoma za mashine, besi, na kinanda cha umeme chenye sauti kama maji yanayochemka kwa adabu. Njia ya nne aliiacha tupu kwa ajili ya bibi.

Siku ya kurekodi ilikuwa Jumanne, saa nne ya asubuhi. Kambo Bénédicte alikuja amevaa kitenge kipya, na bintiye Kahambu, mama wa Dorcelle, amemshika mkono. Kabla hajakaa, umeme ulikatika.

"Si kitu," alisema Kataliko kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Nitawasha groupe."

Jenereta yake iliwashwa, waya ukapitishwa juu ya ukuta, na mashine ya tepu ikaamka. Kaske la kusikilizia masikioni lilikuwa moja tu, na Paulin alimvisha bibi juu ya kitambaa chake cha kichwa. Yeye mwenyewe alibaki akiangalia mishale ya mashine, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuusikia muziki. Tepu ilianza kuzunguka. Bibi alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Baba," alisema, "hii muziki yako iko natembea sawa bantu benye kubeba maiti."

Paulin aliumia moyoni. Aliona Lydie anavyojizuia kucheka, akaumia zaidi. Lakini mzee ni mzee, na muziki wa siku hizi hauwezi kumpendeza kila mtu.

"Imba tu, Kambo," alisema. "Utaizoea."

Bibi alifumba macho, akaimba. Aliimba taratibu, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, akifuata alichokisikia masikioni. Wimbo ulipokwisha, Kahambu alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Paulin aliuliza kama wanaweza kurudia mara moja, kwa usalama.

"Miye siko radio," alisema bibi, akavua kaske.

Umeme ulirudi kesho yake. Paulin alijitengenezea chai, akakaa, akabonyeza kitufe ili asikilize kazi yake.

Ngoma zilianza vizuri. Besi iliingia vizuri. Kinanda kilichemka. Kisha mtoto wa kike wa miaka saba hivi alianza kuimba kwa Kinande, lugha ya watu wa Butembo.

Paulin aliangalia nyuma ya pazia. Aliangalia dirishani. Alirudisha tepu, akabonyeza tena, na mtoto akaimba tena, kwa sauti nyembamba, tamu, ya haraka, akienda sambamba na ngoma bila kukosea hata pigo moja.

"Lydie!" aliita. "Lydie, kuya!"

Lydie alikuja na mwiko mkononi, akasikiliza.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Iko mu njia ya nne. Ni yeye, njo Kambo Bénédicte."

Lydie alikaa chini polepole.

Sababu Paulin aliipata baada ya nusu saa, na aliipata kwa sababu alikuwa mtu wa umeme. Umeme wa ukutani unapiga mara hamsini kwa sekunde, na mota ya mashine ile ya kizamani hufuata mapigo hayo kama askari. Umeme ukipiga taratibu, tepu inatembea taratibu. Basi jenereta ya Jumanne lazima ilikuwa imesinzia. Bibi alisikia muziki umelegea kwelikweli, akaimba kwa kuufuata. Na sasa umeme ulipokuwa sawa, tepu ilikimbia kama inavyotakiwa, na bibi akakimbia nayo mpaka utotoni.

Alikwenda kwa jirani. Kataliko alikuwa uani na mkewe, wakihesabu viti vya wageni.

"Baba Kataliko, hii groupe uliitengeneza namna gani siku ya Mardi, ile ya kurekodi?"

Kataliko alimwangalia mkewe, kisha akaangalia viatu vyake.

"Nilifunga vis kidogo," alisema, akizungusha vidole kama mtu anayekaza skrubu ya mwendo.

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo ya mufanyabiashara," alisema Kataliko. "Ilikuwa nakunywa mafuta sana."

Kahambu aliacha viti. "Ulifungia mama yangu vis?"

"Sikufungia mama buko, sikufungia mukwe wangu! Nilifungia groupe!"

"Mama yangu alitoka Butembo na ndege, akavaa kitenge ya sikukuu, na weye unamufungia vis!"

Njia iliyobaki ilikuwa kumrekodi bibi upya. Lakini Jumatano hiyohiyo asubuhi, Kambo Bénédicte alikuwa ametembelea depo ya mkwewe, akawakuta wabeba mizigo wanapanga magunia ya maharagwe vibaya, na akawaelekeza kwa muda wa saa tatu bila kunywa maji. Alirudi nyumbani bila sauti. Alikuwa ananong'ona tu na kuonyesha kwa vidole. Daktari wa mtaa alisema apumzishe koo siku kumi. Harusi ilikuwa baada ya siku tatu.

Dorcelle alijaribu kuishusha sauti kwa kutumia simu yake. Bibi akatoka kama mtu anayeongea ndani ya bidoni ya maji.

"Basi turudishe groupe sawa ilikuwa," alisema Paulin. "Tuache tepu itembee polepole. Sauti ya Kambo itarudi."

Alhamisi mchana Kataliko alifunga vis kama alivyofunga siku ile, huku mkewe amemsimamia kama hakimu. Spika iliwekwa uani. Sauti ya bibi ilirudi kweli, nzito, yenye mikwaruzo, nzuri. Lakini na muziki ulilegea pamoja nayo. Ngoma zilikuwa zinaanguka moja moja kama maembe mabovu. Kinanda kilichokuwa kikichemka sasa kilikuwa kinaugua.

"Tujaribu kutembea," alisema Dorcelle, kwa sababu yeye si mtu wa kukata tamaa.

Alishika mkono wa Lucien, wakaanza kutoka getini kuelekea mlango wa nyumba, hatua moja kwa kila pigo. Walipofika katikati ya ua, Lucien alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akingoja ngoma.

"Chérie," alisema, "tukitembea hivi, tutafika mu ukumbi na batoto batatu."

Lydie alicheka mpaka akashika ukuta. Kahambu hakucheka. Dorcelle alianza kucheka, kisha ghafla akawa analia, na hapo wote walikumbuka kwamba wimbo huu ni wa msichana anayeondoka nyumbani kwao.

"Nifute njia ya nne," alisema Paulin kwa huzuni. "Nitatia trompeti ya kinanda."

"Acha kwanza," alisema Lydie. "Mwenye sauti hajasikia."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumsikilizisha bibi ile sauti ya mtoto. Walizima jenereta, wakaunga waya kwenye umeme wa ukutani, wakamleta Kambo Bénédicte na kumkalisha mbele ya spika. Kahambu alianza kuomba msamaha kabla hata tepu haijaanza.

Mtoto aliimba. Bibi alisikiliza bila kutikisika. Wimbo ulipokwisha alizungusha kidole hewani: tena. Waliurudia. Mara ya tatu mguu wake ulikuwa unagonga chini. Kisha akamwita Kahambu kwa kidole, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu.

"Anasema nini?" aliuliza Paulin.

Kahambu alikuwa amechanganyikiwa. "Anasema hata wakati alikuwa mutoto hakuwa naimba muzuri vile. Walimu walikuwa namuambia asitoe sauti, afunguefungue tu midomo. Anasema huyu iko anamupita. Anasema mumuache huyu aimbe, na mutu akimufuta, yeye atarudia Butembo."

Basi haikufutwa. Ijumaa Paulin alizichanganya njia zote nne, akahamishia wimbo kwenye kompyuta ya Dorcelle, akalala mchana kutwa kama mtu aliyeshusha lori.

Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Hewa Bora, Dorcelle na Lucien waliingia. Mtu wa muziki, Dan, ambaye alikuwa amezoea ule wimbo mmoja wa maharusi wote, alibonyeza na kubaki mdomo wazi. Ngoma zilipiga, kinanda kikachemka, na yule mtoto akaimba. Wamama kutoka Butembo walioujua wimbo walisimama kwenye viti vyao, wakaitikia. Wasioujua waliitikia pia baada ya ubeti wa pili. Lucien alitembea kwa miguu yote miwili. Bibi alikuwa nyuma yao, kitenge kipya, kidevu juu, akifungua na kufunga midomo kwa usahihi kabisa. Hiyo kazi aliizoea tangu shule.

Baada ya chakula, mwanamke mnene mwenye daftari alizunguka meza hadi meza. Alikuwa Mama Constance, kiongozi wa kwaya ya watoto ya parokia moja ya hapo Hewa Bora.

"Ninatafuta ule mutoto alikuwa naimba," alimwambia Kahambu. "Batoto ba sauti sawa ile, siku hizi habako. Bazazi bake njo banani?"

Kahambu, ambaye tangu Jumatano alikuwa anaona haya, aliangalia meza. Alimwangalia mumewe, ambaye alijifanya anatafuta uma. Kisha akaamua.

"Bazazi bake balishaka kufa, mama. Iko na miaka makumi nane na mbili. Njo huyu."

Mama Constance alimwangalia Kambo Bénédicte. Kambo Bénédicte alimwangalia Mama Constance, akavuta daftari, akaomba kalamu kwa mkono. Aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa, chini ya majina ya watoto. Kisha akanong'ona kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka Mama Constance akainama kumsikia:

"Répétition iko saa ngapi?"

Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumatano saa tisa. Alikwenda. Akaketi mstari wa mbele, kati ya wasichana wawili wa miaka minane, na Mama Constance hakujua amwondoe kwa maneno gani. Jumatano ya tatu sauti ilikuwa imerudi yote, na ikagundulika kwamba kwaya ilikuwa na upungufu mkubwa wa sauti nzito. Walimshonea sare. Butembo alirudi baada ya Pasaka, akiwa ameikunja sare vizuri juu kabisa ndani ya sanduku, ili wale wa kwao waione sanduku likifunguliwa tu.