Chapati Si Nafaka

Marsela alimaliza kukwangua ukoko wa uji kwenye sufuria kubwa, akaigeuza chini juu, akajifunga khanga ya pili mabegani. Kule juu hifadhini, mwezi wa sita, ukungu hulala mpaka jua limepanda, na jiko la shule, lililoezekwa mabati yaliyotoboka, lilikuwa na baridi kuliko nje. Alichukua kikapu na gunia tupu, akaenda kumuaga Mwalimu Josephati.

"Lori la Sylvesta linashuka Karatu sasa hivi," alisema. "Nisipokwenda leo, kesho watoto watakula makande."

"Makande si mabaya, mama."

"Wanakula makande kila siku ya Mungu. Wewe umewaambia ni sikukuu."

Josephati alitazama viatu vyake. Ni kweli, jambo lile lilianzia kwake. Miaka miwili nyuma, alipoandikisha darasa la kwanza, hakuna mzazi aliyejua tarehe aliyozaliwa mtoto wake. Walijua mwaka wa ukame, walijua mwaka wa ugonjwa wa ng'ombe, walijua mvua iliyonyesha. Fomu za serikali zilitaka tarehe. Siku ile ilikuwa tarehe mosi Julai, basi akawaandika wote tarehe mosi Julai, watoto zaidi ya themanini, akaenda kulala.

Mwaka huu msichana mmoja, Nasha, alilazwa hospitali Endulen. Akiwa huko alimwona mtoto wa nesi akikatiwa mkate wenye sukari juu na kuimbiwa. Aliporudi bwenini aliuliza yeye bethdei yake lini. Mwalimu akamjibu, bila kufikiri sana, kwamba ni tarehe mosi Julai. Wengine nao wakauliza. Jibu likawa lile lile. Tangu hapo darasa zima lilikuwa likihesabu siku, na usiku bwenini walijifunza wimbo.

Marsela hakuwa na mipango mikubwa. Alitaka kila mtoto apate andazi moja na kikombe cha chai yenye utamu. Maziwa akina mama wangeleta kutoka bomani. Zamani angechimba viazi nyuma ya jiko akawachemshia, lakini kulima ndani ya hifadhi kulikuwa kumepigwa marufuku, na kibustani chake kiling'olewa mpaka kitunguu cha mwisho. Kilichobaki kilikuwa unga wa ngano, mafuta na sukari, na vitu hivyo, tangu vita vya Kagera viishe, mtu alivisikia redioni zaidi ya alivyoviona dukani.

Walifika Karatu jua limeshachomoza. Pande zote mbili za barabara ngano ilikuwa imekomaa, vilima vizima vya rangi ya dhahabu, na upepo ukipita juu yake. Sylvesta, mtu mnene wa makamo aliyekuwa akiendesha lori la mbao, alielekeza kidevu nje.

"Ngano yote hiyo, Mama Marsela. Na mkate huwezi kuupata."

Mbele ya duka la ushirika foleni ilikuwa imezunguka jengo. Wengine walikuwa wameweka mawe na makopo kushika nafasi zao. Marsela alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika dirishani alitoa barua ya shule yenye muhuri. Muuzaji aliisoma yote, akamrudishia.

"Sukari ililetwa juzi," alisema. "Imechukuliwa na wageni wa mkoa. Wana ziara."

"Na unga?"

"Unga haujaja tangu Pasaka. Nina betri na viberiti. Mafuta, jaribu mwezi ujao."

"Ni kwa ajili ya watoto wa shule."

"Najua, mama. Na huyo nyuma yako ana mgonjwa."

Marsela aligeuka. Nyuma yake alisimama mzee mwenye kofia ya sufu, akitazama chini. Akampisha.

Akapanda kilimani kwa miguu kwa dada yake Bernadina, aliyeolewa huko. Bernadina alikuwa amelima kijishamba cha ngano kando ya mahindi, akaivuna mapema na kuisaga yeye mwenyewe kwenye mashine ya posho, kwa hiyo unga wake ulikuwa wa kahawia, wenye pumba. Hakumuuliza maswali mengi. Alimpimia nusu debe, akamwongezea kibuyu cha asali.

"Mafuta sina," alisema. "Hata ya taa tunayakopa."

"Samli ipo kule, akina mama wataleta. Hii inatosha, dada. Mungu akuzidishie."

"Niletee debe langu tu. Madebe nayo hayapatikani."

Njia ya kurudi kwa lori la Sylvesta ilikuwa njema hadi kizuizini, mahali barabara inapoanza kupanda kuingia msituni. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili. Kijana wa mgambo, Patrisi, alitoka kibandani na koti lililomzidi mikono, akafunua turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiki ni nini?"

"Unga wa watoto wa shule."

Patrisi akachota kidogo, akauonja, akatikisa kichwa taratibu. "Nafaka haivuki wilaya bila kibali. Unajua hilo."

"Kibali natoa wapi saa hizi?"

"Wilayani."

"Wilayani ni safari ya siku nzima. Na kesho ndiyo sikukuu yenyewe."

"Mimi sikuiweka sheria, mama. Nikikupitisha, Bwana Piusi, mkubwa wangu, akija jioni, mimi ndiye nitakayelala ndani. Wanakamata walanguzi kila siku. Wengine wanavusha gunia kumi wakisema ni za shule." Alionyesha nyuma ya kibanda. Magunia yalikuwa yamepangwa hapo bila paa juu yake, na la chini lilikuwa limeanza kuota ukungu wa kijani.

Marsela aliyatazama yale magunia. Hakuwa na hasira na kijana. Alimwona jinsi anavyotetemeka ndani ya koti la mtu mwingine, midomo imepasuka kwa baridi.

"Umekula nini leo?" alimuuliza.

"Chai kavu."

"Haya, niambie kitu. Nikipita hapa natafuna chapati, utanikamata?"

Patrisi alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliona mama anakoelekea. Alitazama barabara ya chini, akatazama ya juu, akakuna shingo.

"Chapati si nafaka," alisema mwishoni. "Chapati ni chakula."

"Basi."

Ng'ambo ya barabara, upande ule ule wa Karatu, palikuwa na mgahawa wa Germana, banda la mbao lenye meza mbili na moto usiozimika. Germana alikuwa mjane mwenye sauti nzito, na kwa miezi kadhaa hakuwa na cha kuuza isipokuwa chai ya mkandaa na maharage. Alimsikiliza Marsela mpaka mwisho, akiwa ameshika kiuno.

"Unga wote huo? Hapa kwangu?"

"Kikaango unacho, na kuni ninaziona."

"Na mafuta?"

"Tutazikausha hivi hivi."

Germana akavuta beseni chini ya meza, akalifuta kwa upindo wa khanga. "Nawa mikono. Na wewe, Sylvesta, usikae hapo kama mkwe. Leta maji."

Sylvesta alikuwa na sababu zote za kuondoka. Mbao zilikuwa zikisubiriwa, na ukungu ukishuka kwenye zile kona za juu, dereva huendesha kwa kusikiliza. Alisimama mlangoni akanung'unika, akasema atangoja kidogo tu, akalala chini ya lori. Lakini harufu ya chapati ya kwanza ilimtoa huko. Akanawa, akachukua chupa tupu ya bia, akaanza kusukuma.

"Hiyo ni ramani ya Afrika," Germana alimwambia.

"Tumboni haiulizwi umbo."

Walifanya kazi mchana kutwa. Marsela alikanda mpaka viganja vikawaka, akakata madonge kwa kipimo cha ngumi ya mtoto. Sylvesta alisukuma. Germana aligeuza kwa vidole bila kuungua, akizipanga kwenye kikapu kilichotandikwa kitambaa safi. Moshi uliwatoa machozi. Magari ya watalii yalipita na kusimama kizuizini, gogo likainuliwa upesi, yakapanda juu. Hakuna aliyefunua turubai zao. Patrisi alikuja mara moja na mzigo wa kuni begani, akautua mlangoni. Marsela akampa chapati moja ya moto. Akaila akiwa amewageuzia mgongo.

Jua lilipoanza kulalia upande wa msitu, debe lilikuwa tupu. Marsela alilipangusa, akamkabidhi Germana amrudishie dada yake siku ya soko. Walipakia kikapu kilichojaa chapati, wakasogea hadi kwenye gogo. Hapo ndipo walipomkuta Bwana Piusi.

Alikuwa amekuja mapema. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alizungumza kwa upole kama mganga. Aliinua kitambaa, akanusa.

"Za nani?"

"Za watoto wa shule, mheshimiwa. Ni chakula kilichopikwa."

"Naona. Chapati nyingi sana hizi kwa mama mmoja." Akamgeukia Patrisi. "Unga ulitoka wapi?"

Marsela akajibu mwenyewe, "Ulitoka huku huku Karatu, ukapikwa huku huku Karatu. Unga haujavuka."

Bwana Piusi akatabasamu, kama mtu aliyefungwa bao zuri. "Sawa. Ila chakula kingi namna hii lazima kikaguliwe. Kuna kipindupindu." Akaingiza mikono yote miwili kikapuni, akatoa rundo, akaliweka juu ya gazeti. Akafikiri, akaongeza rundo la pili. "Tutakagua. Haya, fungua."

Gogo likainuka. Sylvesta alibadilisha gia, wakaingia msituni, wakapita kona tatu.

"Amechukua ngapi?" Sylvesta aliuliza.

"Za kutosha."

"Tungempa moja mapema."

"Angechukua zile zile, na hiyo moja juu yake."

Siku ya pili yake, baada ya gwaride, Marsela alizikata zote nusu. Hakukuwa na njia nyingine. Zilikuwa zimeshakakamaa kwa baridi, kwa hiyo alizipasha juu ya makaa, akazipaka samli iliyoletwa na akina mama na asali kidogo juu. Chai ilikuwa na maziwa ya kutosha na asali ya kubahatisha. Mwalimu Josephati aliwapanga watoto uwanjani kwa mistari, wamenyoa vichwa, mashuka yamefuliwa. Wakaimba wimbo wao. Walipofika mahali pa kutaja jina la mwenye sikukuu, kila mmoja alitaja lake, wote kwa pamoja, na hakuna jina lililosikika.

Wakala polepole. Walilamba asali kwanza, ndipo wakatafuna. Nasha alishika nusu yake kwa vidole viwili kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Marsela alipita na beseni akigawa vipande vilivyobaki, akamwona Koinet, mvulana mtulivu wa Olbalbal, akikunja nusu yake ndani ya shuka.

"Huli?"

"Nampelekea Seenoi."

"Seenoi ni nani?"

"Mdogo wangu. Yuko nyumbani, anachunga ndama. Yeye hana bethdei, mama. Hajaandikwa."

Mwalimu Josephati alikuwa karibu, akasikia. Akakohoa. "Nafasi ni chache," alisema. "Mwaka ujao huenda wakatuongezea darasa. Tumeshaomba."

Marsela akampa Koinet kipande kingine kutoka kwenye beseni. "Kula chako. Hiki ndicho cha Seenoi."

Msichana aliyekaa pembeni ya Koinet akainua kichwa. "Na mimi nina mdogo wangu, Nanyokie," alisema. Marsela akampa. Wa nyuma yake akasema ana kaka yake, Metui, na wa mstari wa pili akasimama akasema ana wawili. Vipande vikaisha hapo hapo. Marsela akaliinamisha beseni walione.

Hawakuketi. Waliendelea kuinuka, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akataja jina.

"Inatosha sasa, watoto," Josephati alisema. "Kaeni chini."

"Waache waseme, Mwalimu."

Marsela akabaki amesimama katikati yao, beseni tupu limeegemea kiunoni, akiwasikiliza mpaka mstari wa mwisho.