Makatazo ya Agathe

Kasongo alipopofuka, watu wa mtaa wa Kabondo walimpa pole mkewe Agathe, naye akazipokea kwa uso wa huzuni. Hakuna aliyejua kwamba miaka ile ya upofu ndiyo iliyompa usingizi mzuri.

Mumewe alikuwa fundi wa kushona nguo za wanawake. Alikuja Kisangani akiwa kijana kutoka Maniema, na kazi yake ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto, Lubunga. Mwanamke akimletea kikwembe, yaani kitenge, Kasongo alimtazama kwanza kimya, akamwambia ageuke, akamtazama tena, ndipo akamweleza mshono utakaompendeza. Agathe alikuwa akikaa karibu na mlango akichambua pondu, majani ya muhogo, huku anamwangalia anavyoangalia. Hakuwahi kumkuta na kosa, na hilo halikumpunguzia wivu.

Kisha mtoto wa jicho akaingia, jicho la kushoto kwanza, halafu la kuume. Ukungu ukazidi hadi siku moja Kasongo akashona mkono wa blauzi nje ndani. Wateja wakapungua, mwishowe wakakoma. Tangu hapo Agathe ndiye aliyemchagulia shati, akamsomea ujumbe wa simu, akamshika kiwiko njiani kwenda kanisani. Kasongo akiuliza, "Nani amepita?" Agathe alijibu alivyopenda.

Binti yao Benie, aliyeolewa Bunia, ndiye aliyesikia kwamba kliniki moja ya mtaa wa Makiso inapokea madaktari wa macho, akashikilia kwamba baba yake apelekwe. Walianza na jicho la kuume. Waliutoa ule ukungu, wakaweka ndani lenzi ndogo. Kesho yake muuguzi, msichana aliyeitwa Grâce, akafungua bandeji.

Kasongo alipepesa. Akamtazama mkewe kwa muda. "Mama Benie, umekonda," akasema. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la Agathe, yakamfikia muuguzi na gauni lake. "Hiyo robe nani alishona? Bega moja inashuka. Na mwili wako iko muzuri, wamekuonea."

Grâce akacheka. Agathe hakucheka. Wivu aliodhani umekufa ukaamka na kujinyoosha.

Kasongo alikuwa amechoka, kwa hiyo Grâce akampa Agathe maelekezo. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumtilia matone, na mdomo wa chupa usiguse jicho. Mgonjwa alale na kile kifuniko cha plastiki, avae miwani myeusi akitoka. Asisugue jicho, asilitie maji, asiinue mizigo wala kuinama sana, akae mbali na moshi wa makaa na vumbi. Na jicho likiwa jekundu, likiuma au likififia, warudi upesi.

"Nimesikia, mama," Agathe akasema.

Alikuwa amesikia kweli. Lakini walipofika nyumbani akaanza kuongeza.

"Docteur anasema usikae kwa mulango. Mwangaza wa barabara iko mubaya."

Kasongo akahamisha kiti chake hadi pembeni, karibu na kabati.

"Docteur anakataza rangi kali. Nyekundu na manjano zinachokesha lenzi. Na usiangalie mutu usoni muda murefu."

"Hata wewe?"

"Mimi ninakutunza. Mimi si kitu."

Kasongo alitii yote. Aliuogopa ule ukungu kama mtu aliyewahi kuzama anavyoogopa mto. Saa ya matone ikifika aliinua uso wake kwa Agathe na kungoja, na Agathe, vidole vikiwa vimenawa vizuri, aliupenda uso ule uliomngoja yeye peke yake.

Halafu Olga, mteja wa zamani, akaja. Alifanya kazi kwenye ofisi za jimbo, mwanamke mrefu, mtulivu, na mdogo wake alikuwa anaolewa. Alikuja na vikwembe vya familia nzima. Agathe akamkuta nje na kusimama katikati ya njia.

"Lenzi haikushika," akamwambia. "Papa anaona giza tu."

Olga akasikitika, akaondoka. Wengine waliokuja walipewa jibu lilelile.

Asubuhi moja Agathe akiwa sokoni, hodi ikapigwa. Kasongo akafungua. Alikuwa Olga, amerudi kumwona mgonjwa, kikwembe chekundu mabegani. Akamsalimia kwa sauti ya juu, kama watu wanavyowasalimia vipofu, akanyoosha mkono autafute wa kwake.

"Hereni yako ya kushoto inataka kuanguka, mama," Kasongo akasema.

Olga akaushusha mkono. "Papa Kasongo, unaona?"

"Ninaona muzuri. Ni hizi rangi tu ndizo wamenikataza."

"Rangi? Papa yangu aliwekwa lenzi kwa kliniki ileile. Anauzisha vikwembe kutwa nzima, hakuna mutu amemukataza." Akaikaza ile hereni, akasema polepole, "Mama Benie alituambia yako haikushika."

Agathe aliporudi, mumewe alikuwa amekaa mlangoni bila miwani, kile kikwembe chekundu, alichoachiwa na Olga, kimetandikwa magotini.

"Docteur gani anakatazaka rangi?" akauliza. Sauti yake haikupanda.

Agathe akaweka kikapu chini. Saa ya matone ilikuwa imefika, akanawa mikono, akachukua chupa, akamsogelea. Kasongo akageuza uso.

"Hiyo pia ni yako."

"Hapana, Papa Benie. Hii ni ya docteur, ya kweli."

"Nitajua namna gani?"

Tangu siku hiyo Kasongo akayatupa makatazo yote. Alioga kwa kujimwagia maji kichwani. Alipanda toleka, zile baiskeli za kubeba watu, akaenda kutafuta uzi sokoni katikati ya vumbi, jicho wazi, akilisugua njiani. Kifuniko cha plastiki kikabaki juu ya kabati. Agathe alimsihi, na kila alipomsihi alizidi kuonekana mwongo.

Jicho likawa jekundu. Kasongo alificha maumivu, lakini Agathe alimwona akipeleka uzi kwenye sindano na kukosa, akarudia, akakosa tena. Ndipo wazo likampitia: jicho hili likizima, Olga hatarudi. Wazo lenyewe lilikuwa tamu. Utamu ule ukamtia hofu kuliko jambo lolote alilowahi kulitenda.

"Twende kliniki," akasema. "Nitasema yote, na wewe unasikia."

Kasongo akaiweka sindano chini. Mwishowe akaushika ukuta, akasimama.

Grâce alilichunguza jicho, akamwita daktari, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Matone yalisimama juu ya nini?" akauliza, akitaka sababu.

Kasongo akatazama sakafu. Agathe ndiye aliyejibu.

"Juu yangu. Sabuni, kifuniko, maji, moshi, ile yote mulisema nyinyi. Rangi, mulango, kutoangalia watu, hiyo nilitunga mimi. Nilichanganya. Sasa haamini hata moja."

"Lakini juu ya nini, mama?"

"Wivu."

Alisema huku anamtazama Grâce, kisha akaona haya, kwa sababu wivu ulikuwa umeamkia kwenye bega la robe yake.

Kasongo alilazwa, akapewa dawa kali zaidi. Wekundu ukaondoka. Ukabaki utando mwembamba pembeni mwa jicho, nao daktari alisema huenda utapungua, huenda usipungue. Grâce alimfundisha Kasongo mwenyewe kuvuta kope la chini, kutazama juu na kudondosha tone. Nyumbani matone ya kwanza yalikimbilia shavuni na kwenye kola. Agathe alinyoosha mkono.

"Acha," Kasongo akasema, akajaribu tena.

Daktari alipomruhusu, alishona nguo za Olga. Siku ya kuzijaribisha alimwambia Olga ageuke, akamtazama mgongo, akamtazama kiuno. Agathe alikuwa hapo hapo mlangoni.

"Papa Benie," akasema, "niko na wivu."

Olga akainamisha kichwa. Kasongo akatoa pini midomoni.

"Bon. Sema vile. Wivu iitwe wivu. Usiivalishe nguo ya docteur." Akarudi kwenye pindo, akaendelea na kazi. Agathe akabaki, na wivu wake nao ukabaki, lakini hakusema uongo siku ile.

Baada ya majira ya mvua, kliniki ikaita kwa ajili ya jicho la kushoto. Benie akapiga simu kuuliza nani atampeleka baba.

"Mama yako," Kasongo akajibu, huku Agathe anasikia. "Lakini maneno ya docteur nitayasikia mimi mwenyewe."

Agathe akaingia ndani kumpigia shati pasi.