Kioo cha Wakio

Upepo wa Voi ulimpa Khamisa mambo mawili achague: afungue dirisha lake la mbao, vumbi jekundu liingie kwenye mchele, au alifunge apepete gizani. Asubuhi hiyo alilifungua. Akapepeta, akakohoa, akatazama ng'ambo ya njia.

Huko jirani yake Wakio alikuwa ameketi nyuma ya kioo cha dirisha akichambua kunde. Mwanga ulimjaa mapajani. Vumbi lilibaki nje, likipigapiga kama mgeni asiyetakiwa.

Kioo! Nyumba ya udongo na nyasi, nyuma ya stesheni, imetiwa kioo! Mwandawiro, mumewe Wakio, alikuwa kibarua wa reli. Vita vya Mjerumani vilipokwisha, msimamizi alimuuzia kioo cha behewa bovu kwa mbuzi wawili. Na Khamisa, mzaliwa wa Mombasa, mke wa mwenye duka, akabaki kuwatazama watu walioshuka juzi tu kutoka milimani Mghange wakikaa mwangani. Siku majirani walipokwenda kuwakandikia kuta, yeye aliumwa kichwa. Kichwa kilipona walipomaliza.

"Shoga, njoo upepetee huku!" Wakio aliita. "Huku kuna mwanga."

"Ahsante, mwenzangu. Mie si mche wa nyanya."

Mchana Sheikhan, askari wa Bwana Mkubwa wa wilaya, alikuja dukani kununua tumbaku. Khamisa akamchekesha. "Bwana wako akitembea jioni, wale watoto wa Wakio hubandika pua kwenye kioo. Wanamtazama kama nyani aliyevaa kofia."

Sheikhan alicheka hadi tumbaku ikamwagika. Kesho yake alirudi na vibarua wawili, bila kicheko.

"Mwandawiro, toa hicho kioo. Bwana hataki kuchunguliwa na wenyeji."

"Afande, nimekinunua. Msimamizi mwenyewe ni shahidi."

"Nimekuuliza bei?"

"Na jua linaloingia humu," Wakio akasema, "nalo ni la Bwana?"

"Wewe mama, funga mdomo. Tundu lizibwe leo, ama nyumba nzima ishuke." Askari akageuka. "Bi Khamisa! Njoo umsaidie jirani yako kukandika."

"Mie? Kichwa changu, baba..."

"Kitauma kesho."

Wakakandika, Khamisa nje, Wakio ndani. Fito zilikwisha kufungwa. Wao walibandika udongo tu. Kila tonge lilikula kipande cha mwanga, hata likabaki tundu la kupitisha ngumi. Ndani yake, jicho la Wakio.

"Nani aliyempelekea maneno, shoga?"

Khamisa alichota udongo. "Watu hawana dogo," akajibu, akaliziba.

Vibarua walikibeba kioo taratibu, kama wabebavyo mgonjwa, mpaka kwa Bwana Mkubwa. Kikatiwa kwenye banda la kuku, vifaranga wapate joto.

Juma lililofuata Khamisa alipeleka vitumbua jikoni kwa Bwana. Upepo ulikuwa umechachamaa. Mchanga ulimkwaruza menoni. Nyuma ya kioo vifaranga walidonoa mtama, wakavu, safi, katika mwanga wote ule. Khamisa alisimama na sinia lake, pua karibu na kioo, akiwaonea wivu.

"We mama!" Sheikhan alifoka kutoka langoni. "Umeambiwa uchungulie?"