Bega Lililoonekana Bure

Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, saa mbili asubuhi, wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, mjini Youngstown, Marekani, wakibana pierogi za kuuza mchana. Unga hukatwa duara, kiazi na jibini huwekwa katikati, kingo hubanwa kwa vidole, na anayebana ovyo huumbuka sufuria ikichemka. Lorraine Hudak alikuwa anabana kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukupanda tena kupita kifua tangu Januari, alipoinua trei ya makaroni katika jiko la shule anakopika. Alikuwa kwenye dazeni ya kumi na nne pale bega lake la kulia, lililokuwa wazi kwenye blauzi isiyo na mikono, lilipogeuka angavu kama chupa ya maji.

Hakuna aliyeangusha kitu. Jirani yake Dolores Petrik alivaa miwani, akasogea, akaona mfupa, akaona msuli, akaona na kano ilivyochanika na kujikunja nchani kama kamba ya kiatu kikuukuu.

"Imekatika hiyo," Dolores alisema. "Hebu nisogezee jibini."

Lorraine alifurahi kwa namna yake. Alikuwa amepewa mapumziko hadi mwaka mpya wa shule uanze Agosti, na mpishi asiyeweza kuinua trei ya ratili arobaini si mpishi. Mkataba unasema hivyo. Daktari Ferraro wa mifupa alikuwa amemwambia kwamba kano ikithibitika kukatika, ataishona Aprili, na kufikia Agosti mkono utakuwa kazini. Kilichokosekana ni picha ya MRI, ambayo bei yake hospitalini ilikuwa dola elfu tatu na mia tisa. Bima aliyokatwa kila mwezi kwenye mshahara ilikuwa ya aina ile isiyolipa kitu mpaka mwenyewe atoe elfu nne kwanza kutoka mfukoni. Mwavuli wa kufunguka ukishalowa.

Kwa hiyo Jumatatu alipeleka bega lenyewe. Daktari alimsimamisha dirishani, akalitazama mwangani, akapima mchaniko kwa rula, akasema kazi yenyewe ni nyepesi. Kisha akasema bado anahitaji picha.

"Kwani huioni?" Lorraine aliuliza.

"Naiona vizuri sana, mama. Bima ndiyo haiioni."

Alipokuwa anatoka, kwenye korido alipishana na daktari mmoja wa kusoma picha aliyekuwa na kikombe cha kahawa. Yule alilitupia bega jicho, kwa mazoea tu, akaenda zake. Wiki iliyofuata bili ikafika: kusoma bega, dola mia mbili na arobaini. Lorraine alipiga simu. Dada wa bili alimweleza kwa upole kwamba daktari ana haki ya kulipwa kwa alichokiona.

"Na akipita kwangu akaona dirisha limevunjika?"

Dada akasema hiyo ni idara nyingine.

Dolores alikaa kaunta ya daktari wa meno miaka ishirini na miwili, na alijua vizuri jinsi mchuzi huo unavyopikwa. Alikuja jikoni kwa Lorraine na kalamu yake. Akamwambia asitaje bima hata kwa bahati mbaya. Achukue kwa Ferraro namba ya kipimo, maana bila namba kila kituo cha picha atakachokipigia simu kitamtajia bei ya kitu kingine. Aulize bei ya taslimu, na kama ndani yake yamo malipo ya msomaji wa picha, asije akaletewa bili ya mtu wa kahawa mara ya pili. Na aulize kituo ni mali ya nani. Kile cha karibu na posta kilinunuliwa na hospitali mwaka juzi. Kibao hakikubadilika, mashine haikusogezwa hata inchi moja, na bei ilipanda mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Simu ya tisa ilimpata mhudumu wa kituo kilichokuwa zamani duka la mazulia. Dola mia nne na kumi, msomaji ndani. Mashine ilikuwa aina ileile ya hospitali, ya mwaka uleule. Lorraine akauliza zile elfu tatu na ushee za tofauti zinakwenda wapi.

"Kule wana chemchemi ya mapambo mapokezi," mhudumu alisema.

Akalipa, akalala, mashine ikagonga dakika arobaini. Picha ikatoka na shingo, ikatoka na kiwiko, na katikati hapakuwa na kitu. Msomaji, ambaye hakuwahi kumwona, aliandika mstari mmoja: bega halina kasoro inayoonekana. Mashine ya hospitali ingetoa utupu huohuo kwa bei mara tisa, na Dolores alisema angalau wamekosea kwa bei nafuu.

Bima ikakataa kulipia upasuaji wa bega lisilo na kasoro. Ikaongeza kwamba zile mia nne na kumi, kwa kuwa zilikuwa taslimu, hazihesabiki kwenye elfu nne. Ferraro aliandika barua mbili, ya pili ikiwa na picha ya bega aliyopiga kwa simu. Wakamjibu kwamba hiyo si picha. Aprili ikapita, na Mei, na kila asubuhi Lorraine akipiga mswaki aliiona kano kwenye kioo ikirudi nyuma kidogo, kama mtu anayeondoka shereheni bila kuaga.

Agosti, msimamizi wa jiko alilitazama bega, akampa pole ya dhati, akamhamishia kwenye kufuta meza, saa tatu kwa siku. Mfuta meza wa saa tatu hana bima.

Kufikia Oktoba hakuwa peke yake. Kulikuwa na fundi bomba mwenye goti angavu, dereva wa lori mwenye uti wa mgongo, mwalimu mwenye figo. Walikaa hospitalini wakingoja kuitwa na wakasomana. Yule ana jiwe, anywe maji. Huyu aende kwenye lile duka la mazulia. Mambo yalikwenda hivyo wiki tatu, na watu wengi waliinuka wakaenda nyumbani wakiwa wameshajua wanachoumwa. Ndipo hospitali ilipobandika tangazo mlangoni: kwa usalama wa wagonjwa, sehemu zote za mwili zinazoonekana zifunikwe. Wasio na cha kujifunikia waliuziwa sweta mapokezi, dola thelathini na tano.

Lorraine alikuja na la kwake. Alikuwa na miadi na Ferraro, kuuliza kushonwa ni kiasi gani kwa taslimu. Alisimama mbele ya tangazo akafunga vifungo kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, hadi bega likapotea lote. Mlinzi akamkagua, akaridhika, akamruhusu aingie kuonwa na daktari.